Mashine ina mapigo, mbona bati bado linatoboka?

Swali: Habari, fundi. Nachomelea bati la stenlesi la milimita 1.2 kwa TIG, ule uchomeleaji wa ncha ya tangsteni na gesi, waya ukiuchovya kwa mkono. Mashine yangu ina mkondo wa mapigo, yaani umeme unaopanda na kushuka kwa zamu, nikauwasha kwa sababu niliambiwa unapunguza joto. Nimeweka kilele ampea 90, mkondo wa chini ampea 60, muda wa kilele asilimia 70, mapigo 5 kwa sekunde. Bati linapinda na kutoboka kuliko nilipokuwa situmii mapigo. Nakosea wapi?

Jibu: Njema, fundi mwenzangu. Mashine yako ni nzima, hesabu ndiyo iliyokugeuka. Chukua kalamu: 90 mara 0.7 ni 63, na 60 mara 0.3 ni 18. Jumla 81. Huo ndio wastani wa ampea zinazoingia kwenye bati lako. Unene huo, bila mapigo yoyote, ungechomeleka vizuri kwa ampea 40 hadi 45. Umewasha kitu cha kupunguza joto, kisha ukaliongeza karibu mara mbili.

Kilele kazi yake ni kuyeyusha. Kinachookoa bati ni ule muda wa chini, ambapo moto unabaki umewaka lakini dimbwi la chuma kilichoyeyuka linapata nafasi ya kuanza kuganda. Ukiuweka ampea 60, dimbwi halipumui hata kidogo. Na stenlesi haisamehe: hupitisha joto kama theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, halafu ikipata moto hutanuka zaidi. Joto linakwama palepale kwenye mshono, na bati linakunjamana.

Anza na kilele 70, chini 20, muda wa kilele asilimia 35, pigo 1 kwa sekunde. Wastani unashuka hadi kama ampea 38. Jaribu kwanza kwenye vipande vya mabaki, na uangalie dimbwi, usiangalie mwanga. Pigo likipanda, dimbwi linavimba na kung'aa kama kioo. Hapo ndipo unapochovya waya. Pigo likishuka, ukingo wake unafifia na duara linasinyaa kuelekea katikati. Hapo sogeza tochi milimita 1.5 au 2, usubiri pigo lijalo. Kila duara lipande kidogo juu ya lililotangulia. Ukibaki na matone yaliyoachana, umekimbia.

Pande mbili zisipoungana, ongeza kilele ampea 5. Bati likianza kuzama, punguza asilimia ya muda wa kilele kabla hujagusa kingine. Watu wengi hukimbilia kushusha kilele, wanaishia na mshono uliokaa juu juu bila kupenya.

Mapigo 5 kwa sekunde mimi siyapendi kwa mkono: ni mengi mno kuyafuata kwa waya, na macho yanachoka upesi. Ama kaa kwenye 1 au 2, ama ruka moja kwa moja hadi 100 na zaidi. Huko juu hutafuti tena mdundo. Moto unakuwa mwembamba na mkakamavu, unafaa sana kwenye kona na kwenye ukingo wa bati.

Kofia ya kuchomelea yenye kioo kinachojitia giza chenyewe nayo inaweza kukusumbua: mkondo ukishuka hadi 20, baadhi hudhani umemaliza kazi na kioo kinafunguka machoni. Ongeza wepesi wake wa kuhisi mwanga na muda wa kuchelewa kufunguka. Moto ukitangatanga wakati wa mkondo wa chini, tazama ncha ya tangsteni. Kwa kazi hii tumia ya milimita 1.6, iliyonolewa mistari ikifuata urefu wake, si kuizunguka.

Halafu kuna mwanya. Vipande visipogusana vizuri, hakuna kitufe kitakachokusaidia. Shikiza kwa nukta za karibu karibu, na ukiweza, bana kipande cha shaba nyuma ya mshono kinyonye joto. Mshono ukitoka na rangi ya nyasi kavu, uko pazuri. Ukiwa wa kijivu, bado unaunguza.

Na ukikutana na mapigo kwenye mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, usihamishie namba hizi. Kule kila pigo hudondosha tone la waya, kwa makumi hadi mamia ya mapigo kwa sekunde, na mara nyingi mashine hujipangia yenyewe ukishaiambia aina na unene wa waya.