Ella alinifundisha kusikiliza sauti

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: ni mwimbaji gani wa nchi ya mbali aliyebadilisha namna unavyosikiliza muziki? Kwangu mimi ni Ella Fitzgerald, Mmarekani wa jazi, na nashukuru mmeuliza, maana habari zake huwa nazisimulia kwa yeyote atakayekaa kunisikiliza.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia kwenye taarab, na kwetu wimbo ulikuwa maneno kwanza. Shakila akiimba redioni, wakubwa walinyamaza mpaka ubeti uishe, kisha mjadala ukaanza: fumbo hili anatupiwa nani? Sauti ilisifiwa, lakini kazi yake ilikuwa kubeba shairi. Kwa hiyo shemeji yangu aliponitumia rekodi ya Ella akiimba Berlin, nilifanya kama nilivyozoea, nikaanza kuwinda maneno. Na kumbe rekodi yenyewe inajulikana kwa sababu mwimbaji aliyasahau.

Ilikuwa tarehe 13 Februari 1960, mbele ya maelfu ya watu. Aliamua kuwaimbia “Mack the Knife”, wimbo uliozaliwa mjini humohumo mwaka 1928. Kabla hajaanza anawaambia watu kwamba anatumaini atayakumbuka maneno yote. Beti za mwanzo zinakwenda vizuri. Katikati maneno yanamkimbia, na bendi haisimami: Paul Smith yuko kwenye piano, Gus Johnson anapiga dramu, mapigo yanakwenda mbele. Ella anaimba swali, palepale, ndani ya mapigo: kiitikio kinachofuata ni kipi? Anamtaja mwimbaji Bobby Darin, anamtaja Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji mwenye sauti ya kukwaruza, waliourekodi kabla yake. Halafu anaikwaruza sauti yake na kumwiga Armstrong mwenyewe, ukumbi unalipuka kwa shangwe. Anaimba kwamba yeye na wenzake wanauharibu wimbo wa watu, na hata hilo analisema kwa vina. Hakuna pigo hata moja lililopotea. Rekodi hiyo ilimpatia tuzo za Grammy.

Sikiliza tena sehemu hiyo bila kujali anasema nini. Utasikia mtu anayejua kila wakati yuko wapi ndani ya wimbo, anayeweza kuchelewa nusu ya pigo kwa makusudi na kurudi kabla hujashtuka. Maneno yameondoka, wimbo umebaki mzima.

Usiku huohuo aliimba “How High the Moon”, na humo maneno anayaaga kwa hiari. Kwa dakika kadhaa anaimba silabi tupu, mtindo wanaouita skati, na koo lake linafanya kazi ya tarumbeta na saksafoni. Ustadi huo aliunoa miaka ya arubaini alipokuwa akizunguka na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, akisikiliza vyombo vya kupuliza na kujaribu kufanya hayohayo kwa sauti. Anachomeka vipande vya nyimbo nyingine, kimoja baada ya kingine, na karibu na mwisho anageuza maneno ya wimbo maarufu ili kusema kwamba jasho linamwingia machoni.

Wapo wapenzi wa jazi wanaosema Billie Holiday, mwimbaji mwenzake wa jazi, ndiye aliyeimba maumivu, Ella aliimba uzuri tu. Nampenda Billie, lakini hukumu hiyo siikubali. Ella alifiwa na mama yake mwaka 1932, akapelekwa kwenye shule ya kurekebisha wasichana, kisha akawa mtoto asiye na makazi pale Harlem, mtaa wa New York. Novemba 1934, akiwa na miaka 17, alipanda jukwaa la ukumbi wa Apollo, kwenye shindano la vipaji, akiwa amekusudia kucheza dansi. Wasichana waliomtangulia walicheza vizuri mno, akaogopa, akaimba, akashinda. Mwaka 1955, tayari akiwa mwimbaji mkubwa, polisi wa Houston walivamia chumba chake cha kubadilishia nguo. Meneja wake, Norman Granz, alikuwa amekataa watu weusi na weupe watenganishwe ukumbini. Baadhi ya wanamuziki walikuwa wakicheza kamari ya dadu, Ella anakula kipande cha pai na kunywa kahawa. Wakakamatwa wote, akiwemo yeye. Walipoachiwa walirudi wakapiga onyesho la pili. Mtu wa namna hiyo akichagua furaha kila anaposhika maikrofoni, furaha hiyo naichukulia kwa uzito wote.

Na taarab? Naisikia upya. Sasa naona namna Shakila anavyoishikilia irabu ya mwisho mpaka fidla imjibu, na mahali anapovuta pumzi. Nyimbo ambazo mashairi yake nilikuwa nimeyahifadhi kichwani zimenifungulia mlango ambao sikujua upo.

Wasomaji wanaotaka kumjua Ella nisingewaanzishia na Berlin. Waanze na albamu ya mwaka 1956 aliyoimba na Armstrong, “Ella and Louis”, Oscar Peterson akiwa kwenye piano. Baada ya hapo waende kwenye zile albamu alizorekodi kati ya mwaka 1956 na 1964, kila moja ikikusanya nyimbo za mtunzi mmoja au watunzi walioandika pamoja, kuanzia Cole Porter. Humo kila neno linatamkwa wazi hata kwa sisi tuliojifunzia Kiingereza darasani. Lakini kwanza “Cheek to Cheek”. Armstrong anatangulia na ule mkwaruzo wake, anaumaliza wimbo kwa namna yake. Kisha Ella anaingia, maneno ni yaleyale, na ni wimbo mwingine kabisa.