Kabla Hujaniambia Nivumilie, Niulize Kama Nimekula

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 28 Juni 2018, jirani yangu wa kibanda alinipigia simu. Hakunisalimia. Alisema tu, "Gikomba inawaka. Ni upande wetu." Gikomba ndilo soko la Nairobi tunakouza mitumba. Nilitoka Kayole na ndara za bafuni, na nilipofika palikuwa pamebaki mabati yaliyojikunja na moshi. Moto ule uliua watu 15. Mimi nilipoteza nguo tu, kwa hivyo nikajiambia sina hata haki ya kulia.

Ndani ya kibanda kulikuwa na robota la nguo za watoto ambalo sikuwa nimelifungua. Nilikuwa nimelinunua kwa mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa, shilingi 18,000, na Alhamisi hiyohiyo ndiyo niliyopanga kulifungua nitoe kamera, zile nguo za kwanza ambazo wauzaji wa mitumba tunajua ndizo hurudisha pesa. Zinazobaki ni za kusukuma na maneno.

Jumapili nilienda Misa kama kawaida. Watu walinisalimia, nikawajibu Mungu ni mwema. Niliulizwa kama nimeathirika, nikasema tunamshukuru Mungu, ni vitu tu. Walinisifu kwa imani yangu. Nyumbani nilikuwa nimezima simu ili mwekahazina wa chama asinipate, na watoto nilikuwa nimewaambia waseme mama amesafiri. Nataka uone hapo: mdomoni nilikuwa shahidi wa imani, mlangoni nilikuwa mwongo, na mambo hayo mawili niliyaita jina moja, uvumilivu.

Wiki ya pili nikaenda kesha moja, si kwetu, kwa watu wengine. Mhubiri akasema aliyeunguliwa na mali apande mbegu, Bwana atamrudishia mara saba. Nilikuwa na 3,000 za kujazia kodi. Nikazituma kwa simu palepale, kabla wimbo haujaisha. Hadi leo sijaona hata ile mara ya kwanza, achilia mbali saba. Siandiki haya kwa uchungu, ule umepoa. Ila ukiwa kwenye shida na mtu akuambie kwamba kilichobaki mfukoni mwako ndicho Mungu anachosubiri, lipa kodi kwanza. Mungu hahami, atakuwepo Jumatatu.

Aliyenisaidia hasa ni mama mmoja mzee wa jumuiya yetu ndogo ndogo, ambaye mtaa mzima tunamwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Alikuja siku ya kazi, saa nne asubuhi, akanikuta nimelala na nguo za jana. Nilisubiri aanze kusali. Akaniuliza, "Umekula?" Nikamwambia sina njaa, Cucu. "Sijakuuliza njaa." Akawasha jiko, akakoroga uji, akakaa kwenye kigoda mpaka nikamaliza kikombe. Akaniambia nilale tena, yeye atawapokea watoto wakitoka shule. Sala aliifanya akiondoka, amesimama mlangoni, haikufika dakika moja.

Nilielewa alichokifanya Dominika ya 12 Agosti. Somo la kwanza lilikuwa la Eliya kutoka kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii amekimbilia jangwani, ameketi chini ya mretemu, anamwomba Mungu amtoe roho. Malaika anakuja. Hamkemei kwa kukosa imani, wala hamkumbushi moto alioushusha kule Karmeli. Anamwamsha ale, na mkate na maji viko tayari. Eliya anakula, analala tena, na malaika anarudi mara ya pili na chakula kilekile, akisema safari ni kubwa mno kwake. Nilikuwa nimelisikia somo hilo tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na sikuwahi kuona kwamba ndani yake mna usingizi mwingi kuliko mahubiri.

Jioni hiyo niliwasha simu. Kikao cha chama kilichofuata nilienda mwenyewe, nikasimama, nikasema sina pesa na nimekuwa nikijificha. Magoti yalitetemeka, nisikudanganye. Mmoja alinisema sana, na alikuwa na haki, maana pesa ile ilikuwa pia jasho lake. Wengine wakakubali nilipe 500 kila wiki. Ilinichukua wiki 36. Kwa hivyo ukiniuliza ufanye nini kwanza ukiwa na deni, nitakuambia umwendee anayekudai kabla hajakutafuta. Anayekukuta umejificha huwa ameshaamua wewe ni nani. Na usikope kwenye simu ili ulipe chama. Nimewaona waliofanya hivyo.

Kuhusu sala, niliacha kumpamba Mungu. Zaburi ya 88 inalalamika tangu asubuhi hadi usiku, na neno lake la mwisho ni giza. Haina ule mstari wa kugeuka na kushukuru ambao zaburi nyingine huwa nao. Ikiwa Kanisa limeisali hivyo kwa karne zote hizi, na mimi naweza kukaa kitandani niseme Bwana, nimechoka nawe. Nilisema. Kesho yake nilienda kuuza soksi nikizibeba mkononi pale soko la Muthurwa.

Mwaka 2020 korona ilipokuja, serikali ikazuia mitumba kuingizwa nchini kwa miezi kadhaa, kukawa na kafyu, na makanisa yakafungwa. Shida ilikuwa kubwa kuliko ya moto, lakini safari hii sikuzima simu. Jumuiya tulisali rozari kwa simu saa mbili usiku, mmoja akikatika kwa kukosa salio tunamngoja, na mwisho wa rozari kila nyumba ilisema wazi imekula nini siku hiyo. Mwanzoni watu waliona aibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa simu hukioni hata kitanda chenyewe, kwa hivyo ilibidi kusema.

Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno, na hizo ndizo siku walizomfaa. Nawe ukienda kwa aliyefiwa au aliyefutwa kazi, hilo la Mungu ana mpango lihifadhi kidogo. Beba unga. Ukikosa, beba mikono, vyombo vitakuwepo vya kuosha.

Gikomba imeungua tena zaidi ya mara moja tangu mwaka ule. Mara ya mwisho haikufika kwetu. Nilipita na chupa mbili za uji na vikombe vya plastiki, nikawapa waliokuwa wakichambua majivu wakitafuta makufuli yao. Tulizungumza kidogo sana. Vikombe vitatu havikurudi.