Kushuti kuliisha Septemba 2024, mbona tamthilia ikaja Januari 2026?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi na wenzangu tunafuatilia tamthilia zote zinazozaliwa na Game of Thrones. Tuliposikia A Knight of the Seven Kingdoms imemaliza kushutiwa Ireland ya Kaskazini Septemba 2024, tukapiga hesabu kwamba katikati ya 2025 tunaiona. Wapi! Baadhi yetu wakaanza kusema kazi imeharibika, inashutiwa upya. Mwishowe ikaanza tarehe 18 Januari 2026. Wewe uliye kwenye uhariri, tulikosea wapi? Na ikitajwa nyingine ya ukoo huohuo, tuangalie nini?

JIBU: Ndugu yangu, hesabu yenu ilikuwa na msingi. Msimu wa kwanza wa House of the Dragon, tamthilia nyingine ya ukoo huo, ulimaliza kushutiwa Februari 2022 na kuanza kuonyeshwa tarehe 21 Agosti mwaka huohuo. Wa pili ulimaliza Septemba 2023, ukaanza tarehe 16 Juni 2024. Miezi sita, halafu tisa, na hapo kuna madragoni kibao ya kuchorwa kwa kompyuta. Hii A Knight of the Seven Kingdoms, ya shujaa Dunk na mtoto anayemtumikia, Egg, ni episodi sita fupifupi zenye farasi, matope na mikuki. Hata HBO wenyewe, stesheni ya Marekani inayoirusha, mwanzoni waliitaja kuwa ya 2025.

Mlichokosea ni kudhani kazi ikiiva inapakuliwa papo hapo.

Kushuti kukiisha, sisi wahariri ndio kwanza tunakolea. Toleo la kwanza la kila episodi hupita kwa mwongozaji, kisha kwa prodyuza mkuu anayeshika kalamu ya hadithi nzima (hapa ni Ira Parker), kisha kwa wakubwa wa stesheni, na kila mmoja hurudi na maoni yake. Maoni hayo yakiisha kupatana, picha inafungwa: hakuna tena kuongeza wala kupunguza hata sekunde. Hapo ndipo mtunzi wa muziki anaweza kupima nyimbo zake kwa uhakika, watu wa sauti wakachanganya, watu wa rangi wakasawazisha mwanga. Waigizaji huitwa studioni kurudia maneno yaliyomezwa na upepo au kwato za farasi. Wakati mwingine wanarudi hata mbele ya kamera kwa vipande vichache vilivyopungua. Mtu akipigwa picha uwanja wa ndege na wigi lake, mashabiki wanalia kwamba kazi imeoza. Hiyo ni Jumatatu ya kawaida ofisini.

Lakini kazi yote hiyo haili miezi kumi na sita. Kwa hesabu yangu, muda uliobaki ulikuwa wa kusubiri Jumapili.

HBO huweka tamthilia zake kubwa Jumapili usiku (kwetu ni Jumatatu alfajiri, mnajua wenyewe jinsi ya kuamka). Jumapili hizo ni kama gati la bandari: meli inaweza kuwa imeshapakia kila kitu na bado ikatia nanga nje. Tazameni 2025 ilivyojaa. The White Lotus ilishika kuanzia 16 Februari hadi 6 Aprili. Jumapili iliyofuata, 13 Aprili, ikaingia The Last of Us hadi 25 Mei. The Gilded Age ikachukua 22 Juni hadi 10 Agosti. Task ikaanza 7 Septemba, ikaisha 19 Oktoba, na wiki moja baadaye ikaja IT: Welcome to Derry, nayo ni tamthilia iliyozaliwa na filamu, mpaka 14 Desemba. Kuanzia Februari hadi katikati ya Desemba, nafasi zilizobaki hazikutosha wiki sita mfululizo.

Kwa jicho langu mimi, Januari haikuwa makombo. HBO walikwisha kusema House of the Dragon inarudi majira ya joto ya 2026, kwa hiyo mwaka mmoja ukapata Westeros, nchi ya hadithi hizi zote, mara mbili badala ya kuacha watu na njaa. Halafu kuna tuzo za Emmy, za televisheni ya Marekani, ambazo hesabu yake ya mwaka huanza tarehe 1 Juni na kufunga 31 Mei. Kazi ya Januari inawafikia wapiga kura ikiwa bado ya moto.

Ule uvumi wa kuharibika ungekufa mapema kama mngetazama upande wa pesa. Novemba 2025, kabla episodi ya kwanza haijarushwa, HBO waliagiza msimu wa pili. Mwenye mali mbovu haagizi nyingine. Na Egg ni mtoto anayekua, huwezi kumweka kabatini miaka mitatu. AMC, stesheni nyingine ya Marekani, nao walifanya hivyohivyo: Juni 2014 waliagiza msimu wa pili wa Better Call Saul na wakati huohuo wakausogeza wa kwanza kutoka 2014 hadi mwanzoni mwa 2015.

Kwa hizo zijazo, tofautisheni kwanza “inaandaliwa” na “imeagizwa”. Ile ya Jon Snow, shujaa wa Game of Thrones, ilikuwa inaandaliwa tu, na 2024 Kit Harington mwenyewe anayemwigiza akasema imewekwa kando. Hata kushuti si kiapo: mwaka 2019 episodi ya majaribio ya tamthilia nyingine ya ukoo huo, yenye mwigizaji Naomi Watts, ilishutiwa ikakamilika, ikafutwa Oktoba, na siku hiyohiyo House of the Dragon ikaagizwa msimu mzima bila majaribio.

Ikishaagizwa na kushutiwa, acheni kuhesabu miezi. Chukueni kalenda, jazeni Jumapili ambazo zimeshatangazwa, mwone wapi panabaki wiki za kutosha. Trela yenye tarehe kamili ndiyo ya kuamini. Ya Dunk na Egg ilitoka Oktoba 2025, takriban miezi mitatu kabla. Nywele za waigizaji waachieni vinyozi wao.