Uliza Mzee wa Barabara: Tuchange Elfu Kumi au Tukatae?

Nilianza kazi ya barabara hapa Kigoma-Ujiji nikiwa kibarua wa sururu, nikastaafu nikiwa msimamizi wa kikosi. Barua za mwezi huu zimenifikia nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zimetoka mitaa ya pembezoni, kule ambako lami huishia na vumbi huanza. Wengi wenu mnauliza nani alipe matengenezo ya barabara za mitaa. Nimechagua barua ya mama mmoja na kuipa nafasi kubwa, kwa sababu aliyoyaandika ndiyo yanayozungumzwa sasa kwenye mikutano ya mitaa kabla mvua haijaanza.

Shikamoo mzee wangu. Nauza mawese soko la Mwanga, kwangu ni Gungu, na nina watoto wanne. Barabara ya mtaa wetu ina kama mita 600, inashuka kutoka barabara kubwa hadi bondeni. Mwaka juzi ilichongwa, mwaka jana ikachongwa tena, na mara zote mbili mvua iliibeba. Bodaboda wananishusha kule juu, nashuka kwa miguu na dumu kichwani. Kwenye mkutano wa mtaa mwenyekiti ametueleza kwamba yako mawazo matatu yatakayokwenda kwenye kata, kisha kwa madiwani: tusubiri fungu la TARURA (wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini), tuiombe manispaa itoe mapato yake ya ndani, au kila kaya ichange shilingi 10,000. Tuko kaya 140. Watu wamegawanyika, hata salamu zimepungua. Shemeji yangu anaishi Marekani, mji mdogo pembeni mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota. Anasema kwao mwenye nyumba huletewa ankara ya barabara inayopita mbele ya nyumba yake, kwa hiyo tuache kulalamika. Nishike upande gani?
*Mama wa mawese, Gungu*

Marahaba mwanangu. Mwakeye, kwa salamu yetu ya Kiha, na pole kwa dumu.

Kabla sijagusa fedha, nikupe kisa. Miaka mingi iliyopita kikosi chetu kilitumwa kumwaga moramu, ule udongo wa changarawe unaotandikwa barabarani, kwenye mteremko unaofanana sana na wako. Ilikuwa Oktoba. Mkandarasi aliyeleta kifusi alikimwaga, greda likapita, sisi tukashindilia, tukaondoka tukiwa tumeridhika. Mvua tatu za Novemba zilitosha. Bibi mmoja alikuja ofisini kwa miguu, akasimama mlangoni, akasema, "Moramu yenu iko kwenye mihogo yangu, njooni mwichukue." Tulimfuata. Hakutupeleka bondeni moja kwa moja. Alituonyesha kwanza juu kabisa, kwenye kona, mahali ambapo maji ya barabara kubwa yalikuwa yanaingia kwenye barabara yetu kwa sababu hapakuwa na mtaro wa kuyapokea. Akatuonyesha tena katikati, ambako mtaro ulikuwepo lakini hauna pa kutokea, basi maji yakijaa yanarudi barabarani. Sisi tuliokuwa na greda hatukuyaona hayo. Yeye aliyaona kwa sababu huwa yupo mvua inaponyesha.

Nakuomba ulifikishe hilo kwenye mkutano wenu kabla mtu hajatoa hata shilingi. Barabara iliyochongwa mara mbili na kubebwa mara mbili haihitaji kuchongwa mara ya tatu. Inahitaji maji yatolewe juu yake. Udongo wa milima yetu ukishapata njia ya maji, msimu mmoja unatosha kuifanya korongo.

Sasa fedha. Kaya 140 kwa shilingi 10,000 ni shilingi 1,400,000. Tupige hesabu kama tulivyokuwa tukipiga kazini. Barabara ya mita 600, upana mita 5, tabaka la moramu la sentimita 15: unahitaji mita za ujazo 450, na hiyo ni moramu iliyokwisha kushindiliwa, ya kwenye lori ni nyingi zaidi. Tipa la mita za ujazo 7 litakwenda tripu zisizopungua 65. Gawanya mchango wenu kwa tripu hizo, unapata chini ya shilingi 22,000 kwa kila tripu, na hapo hujalipa greda, hujalipa maji ya kumwagia, hujalipa roli la kushindilia. Nenda kamuulize mwenye tipa yeyote pale Mwanga kama atakuletea moramu mpaka Gungu kwa bei hiyo. Kwa hiyo wazo la tatu, kama lengo lake ni kuweka moramu, litawatoa fedha na barabara haitapatikana. Ningekuwa mkutanoni ningelikataa kwa sauti.

Nina sababu nyingine ya kulikataa, na hii inanigusa moyoni. Elfu kumi kwa kila kaya huonekana ni haki kwa sababu ni sawa kwa wote. Lakini mjane asiye na hata baiskeli haiharibu barabara kama mwenye Fuso anayeshusha matofali. Na wenye vyombo vya moto tayari wanachangia, hata wasipojua. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, hizo zinazosimamiwa na TARURA. Bodaboda anayechoma lita 3 kwa siku, akifanya kazi siku 26, ametoa shilingi 7,800 kwa mwezi kwenye hiyo nyongeza peke yake. Abiria wake ndio wanaomrudishia kwenye nauli, na wewe mwenye dumu ni mmoja wao. Usikubali mtu akuambie kwamba hujawahi kuchangia barabara.

Basi tusubiri TARURA? Kuomba, ndiyo, kusubiri tu, hapana. Wengi bado mnakwenda kwa mhandisi wa manispaa kudai greda kama zamani zetu. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, na fungu lake halitoki mfukoni mwa mkurugenzi wa manispaa. Lakini madiwani hawakunyimwa sauti. Mtaa unasema barabara ipi ianze, Kamati ya Maendeleo ya Kata inapanga, baraza la madiwani linapitisha vipaumbele. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na mapendekezo huandaliwa miezi mingi kabla. Mtaa unaopeleka malalamiko Machi, barabara ikiwa imeshakatika, umechelewa gari la mwaka huo na pengine la mwaka unaofuata. Mkikutana sasa na muhtasari ukaandikwa, ukasainiwa, nakala ikabaki kwenu, mna kitu cha kumshikia diwani.

Na muombe nini? Msiandike "tunaomba barabara itengenezwe." Andikeni: kalavati moja, yaani njia ya maji chini ya barabara, kwenye kona ya juu, mtaro wa mawe upande wa mlimani kwa mita mlizopima wenyewe kwa kamba, na mahali pa kutolea maji. Mkoa wetu umekuwa mfano wa kujenga kwa mawe. TARURA imejenga hapa madaraja ya mawe ya upinde, yasiyotumia nondo, kwa gharama ndogo kuliko ya zege, na vijana wetu wamejifunza kuchonga na kupanga hayo mawe. Mafundi mnao. Mawe mnayo mlimani.

Wazo la manispaa kutoa mapato yake ya ndani ni jema, lakini mjue mnagombania sufuria gani. Ushuru wa masoko, leseni za biashara: humo humo ndimo yanamotoka madarasa, zahanati, na asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Diwani wa Gungu akisimama kuomba lami ya mtaa mmoja, wenzake watamcheka. Akiomba kalavati moja ambalo TARURA italisimamia, na akaonyesha kwamba wananchi wameshachimba mtaro, anaweza kusikilizwa. Nimeketi nyuma ya vikao vya baraza miaka mingi nikisubiri kuulizwa maswali ya kiufundi, na nimeona maombi madogo yenye vipimo yakipita mbele ya makubwa yasiyo na vipimo.

Kuhusu shemeji yako wa Minnesota, hakudanganya, ila hakumaliza habari. Sheria ya jimbo lile inairuhusu halmashauri ya mji kuwatoza wenye nyumba waliopakana na barabara sehemu ya gharama ya kuitengeneza. Lakini halmashauri haiamki tu ikatoza. Kila mwenye nyumba anapelekewa taarifa kwa barua, kinaitishwa kikao cha hadhara ambapo anaweza kupinga, na kiasi anachotozwa hakiruhusiwi kuzidi thamani ambayo mali yake imeongezeka kutokana na kazi hiyo. Akishindwa kulipa kwa mkupuo, anaruhusiwa kulipa kwa miaka kadhaa, pamoja na riba, kwenye kodi yake ya nyumba. Na hata kwa ulinzi wote huo watu wanagombana: mwenye nyumba ya kona ahesabiwe barabara moja au mbili? Mzee anayeishi kwa pensheni alipe sawa na kijana mwenye magari matatu? Mpita njia anayekatiza mtaa wao kila asubuhi mbona halipi? Ndiyo maana baadhi ya halmashauri za pembezoni kule zimeachana na ankara hizo, zikaamua kuongeza kodi ya nyumba kwa mji mzima au kuweka tozo ndogo kwenye ankara za umeme na gesi, ili mzigo ugawanywe kwa wengi. Mwulize shemeji mji wake unafuata utaratibu gani, kisha mwambie akutafutie ile barua aliyopelekewa. Ningependa wenzako waone jinsi mtu anavyoarifiwa kabla ya kutozwa.

Kwetu pia uko utaratibu. Mkutano wa mtaa unaweza kukubaliana kuchanga kwa hiari. Ili mchango uwe lazima, mtu ashtakiwe asipotoa, panahitajika sheria ndogo ya halmashauri, nayo lazima itangazwe ili wananchi watoe pingamizi zao, kisha ipate kibali cha waziri. Mwenyekiti akisema "asiyetoa atanyimwa barua ya utambulisho," mwombeni kwa adabu awasomee sheria hiyo.

Upande wangu basi ni huu, mwanangu: kataeni elfu kumi ya moramu, kubalini mtaro. Kila kaya itoe siku mbili za msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Asiyeweza kushika sururu apike, na asiyekuwepo atoe walau saruji kidogo au nauli ya mawe. Wajane na wagonjwa waachwe wapumzike. Kabla ya sururu kugusa ardhi, mwiteni fundi wa TARURA aje awapigie mstari, kwa sababu mtaro uliochimbwa ovyo unaweza kumwaga maji kwenye nyumba ya mtu. Kwenye mteremko mkali wekeni vizuizi vya mawe ndani ya mtaro, kila hatua kumi hivi, maji yapunguze kasi. Na mtafuteni bibi wa mtaa wenu, yule anayekaa barazani mvua inaponyesha. Yeye anajua maji yanaingilia wapi. Mpeni kiti cha mbele.

Fedha yoyote mtakayochanga iwe ya kitu kinachohesabika: mifuko kadhaa ya saruji, tripu kadhaa za mawe. Iandikwe ukutani kwa mtendaji, nani katoa, kiasi gani, kimenunua nini. Mwaka 2016 manispaa yetu ilikuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizochaguliwa kujaribu mpango wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Nilijivunia sana siku ile. Karatasi iliyobandikwa ukutani Gungu nayo ni uwazi.

Mzee, mimi ni mpangaji wa chumba kimoja Katubuka. Kila mwezi nikinunua umeme LUKU inakata 1,500. Naambiwa ni kodi ya jengo. Si hiyo ndiyo ingetengeneza barabara ya mtaa wetu?
*Mpangaji, Katubuka*

Hapana, si kwa njia unayofikiri. Ni kodi ya jengo kweli. Ilianza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021 kwa shilingi 1,000, ikapanda mwaka 2023. Inakusanywa na serikali kuu, haibaki mtaani kwenu. Mwenye kudaiwa kodi hiyo ni mwenye nyumba, siyo wewe. Tunza risiti zako za mwaka mzima, ni shilingi 18,000, ukae naye mzikate kwenye kodi ya chumba. Mwambie mapema, msisubiri hadi siku ya kudaiana.

Shikamoo mzee. Nina duka Buzebazeba. Nilimwaga zege juu ya mtaro mbele ya duka ili wateja wavuke. Mtendaji anataka nivunje. Nimetumia fedha nyingi. Nifanyeje?
*Mwenye duka*

Marahaba. Vunja. Najua inauma, lakini chini ya zege lako mtaro umekwisha kujaa mchanga na mifuko, na hakuna mkono unaoweza kuingia kuutoa. Maji yakikosa njia yatapita dukani kwako au kwa jirani wa chini yako. Tengeneza slabu fupi fupi zenye vishikio vya nondo, watu wawili waweze kuinua moja. Zipange bila kuziunganisha. Kabla ya kuzirudisha, mwombe huyo mtendaji aje na vijana mzibue mtaro kuanzia kwako hadi kwenye kalavati, na mchanga mtakaoutoa usiachwe ukingoni, maana mvua ya kwanza itaurudisha ndani.