Mikoko yetu imekufa tena: tununue dawa ya mizizi?

Swali: Kikundi chetu kiko kaskazini mwa delta ya Rufiji. Miaka miwili mfululizo tumepanda mikoko kwenye tope lililo wazi mbele ya kijiji. Inachipua, kisha inakufa karibu yote. Kuna bwana anatuuzia dawa ya kuimarisha mizizi na kufukuza kaa. Tununue?

Jibu: Msinunue. Hakuna dawa inayoinua ardhi, na tatizo lenu ni kimo cha ardhi.

Ng'oeni mche mmoja uliokufa mtazame shina. Mkikuta magamba meupe makali yamenata na majani yamevaa tope, ujue ulikuwa chini ya maji muda mrefu mno. Maji yakijaa, pimeni kina kwa fito pale penye mikoko hai, kisha siku hiyohiyo pimeni kwenye tope lenu. Kule yakifika magotini na kwenu kifuani, hapo si pa kupanda.

Kinachonichosha ni imani kwamba kila tope ni shamba la mikoko. Delta yenu ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki; kila bamvua maji yanawaletea mbegu bure. Kama miaka yote hiyo hakuna iliyoshika yenyewe, kwa nini ishike ya kwenu? Na kaa mwacheni. Anakula mbegu, ndiyo, lakini mashimo yake huingiza hewa kwenye tope, na sumu ya kumuua itawafuata kamba mnaowavua.

Kazi ipo kwenye majaruba ya mpunga yaliyotelekezwa. Matuta bado yanazuia maji, na magugu ya kutambaa yamefunika kila kitu. Fyekeni, fungueni matuta, mbegu zitaingia zenyewe. Ila hiyo ni hifadhi ya msitu, muoneni kwanza ofisa wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Nimeona upandaji wa namna hii pwani nzima: aina moja tu, ile iitwayo mkoko wenyewe, mistari imenyooka, hata pale panapotaka aina nyingine kama mchu au mlilana, kwa sababu tu mbegu ya mkoko ni ndefu na rahisi kuchomeka. Miche inahesabiwa siku ya kupiga picha. Mwaka wa tatu harudi mtu. Mfadhili akija tena na fulana, mwambieni aje kwanza mikono mitupu, maji yakipwa, mtembee naye hilo tope.