Kwa Dereva Anayeanza Kuvuta Tela la Kambi

Mdogo wangu, umepata kazi kwenye kampuni ya safari za kambi hapa Arusha. Leseni unayo, Land Cruiser umeizoea, na sasa umekabidhiwa gari lenye tela nyuma: mahema, magodoro, friji, jenereta, mitungi ya gesi, madumu ya maji na chakula cha wageni cha safari nzima. Ukiulizwa kama unaweza kuvuta, utajibu ndiyo, kwa sababu kwenye lami iliyonyooka kutoka Kisongo kwenda Makuyuni kila mtu anaweza. Ila kazi yenyewe hufanyika uani, kabla hujawasha gari. Tela lililopakiwa vibaya halina dereva hodari wa kuliokoa likishaanza kuyumba kwenye mteremko.

Anza na uzito wa pua. Pua ya tela ni ile ncha inayokaa juu ya tufe la chuma nyuma ya gari. Kwa tela la kawaida la aina hiyo, pua inatakiwa ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela likiwa limepakiwa. Tela lako likiwa na kilo 1,500, pua inatakiwa ilalie gari kwa kilo 150 hadi 225. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, maana yake mzigo mwingi uko nyuma ya ekseli, yaani chuma kinachobeba magurudumu, na mkia wa tela unakuwa na nguvu ya kulizungusha gari lako. Ukianza kushuka kwa kasi, au basi kubwa likikupita na kukupiga upepo, tela linaanza kucheza kushoto na kulia, na kila mchezo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Pua ikizidi uzito nayo ina balaa lake: gari linachuchumaa nyuma, matairi ya mbele yanakosa kushika barabara, usukani unakuwa mwepesi mno, na usiku taa zako zinawapiga machoni wanaokuja mbele. Soma pia kitabu cha gari uone tufe lake linaruhusiwa kubeba kilo ngapi, maana kikomo cha gari kinaweza kuwa chini ya hesabu ya tela.

Usikadirie kwa macho. Tafuta mizani ya kupimia magunia, ile ya sahani ya chini inayotumika kwenye maghala ya mahindi. Lisimamishe tela mahali tambarare, zuia matairi yake kwa vipande vya mbao mbele na nyuma, kisha ulaze pua juu ya gogo lililosimamishwa katikati ya mizani, kwa kimo kilekile ambacho pua hukaa ikiwa imeungwa kwenye gari. Soma kilo. Zikipungua, sogeza vitu vizito mbele, zikizidi virudishe juu ya ekseli. Ni kazi ya nusu saa, na fundi yeyote wa maana pale Unga Limited ataielewa ukimweleza.

Katika kupanga, sheria ni chache. Vizito viwe chini na karibu na ekseli: maji, jenereta, makreti ya vinywaji, betri. Vyepesi kama magodoro na mahema ya kulalia viende juu na nyuma. Maji ndiyo yanayowadanganya wengi, kwa sababu lita moja ni kilo moja, na madumu kumi ya lita 20 ni kilo 200 zinazoingia bila mtu kushtuka. Uliza pia uzito wa tela tupu, ujumlishe na wa mzigo, kisha ulinganishe na kikomo cha gari. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 kwa tela lenye breki zake. Kwa tela lisilo na breki kikomo ni kidogo mno, na mimi nakushauri kabisa usikubali kupanda Ngorongoro na tela la kambi lisilo na breki, hata bosi akisema limeshapanda mara nyingi.

Sasa nikuambie jambo ambalo wageni wa kazi hii hawaambiwi. Uzito wa pua unabadilika njiani. Unaondoka Arusha tela likiwa limepangwa vizuri, maji yamejaa mbele ya ekseli, chakula kimejaa. Wiki inapita Seronera, ndani ya Serengeti. Maji yameisha, kreti ni tupu, nyama na mboga zimeliwa. Asubuhi ya kurudi kila mtu ana haraka: vijana wa kambi wanakunja mahema yakiwa na umande, na turubai lililolowa ni zito kuliko lilivyokuja, wanayasukumia nyuma karibu na mlango, na mifuko ya taka inafuata hukohuko. Uzito wote wa tela umepungua, kwa hiyo unajisikia gari limepona. Pua nayo imepungua zaidi. Na katika hali hiyohiyo ndipo unapokutana na mteremko mbaya kuliko yote ya safari yako, ule wa ukuta wa Bonde la Ufa kutoka juu ya Ziwa Manyara hadi Mto wa Mbu, wenye kona, malori mbele yako, na chini yake mji uliojaa baiskeli, bodaboda na akina mama wa ndizi. Kwa hiyo ukifunga kambi, simamia upakiaji wewe mwenyewe. Yaliyolowa yaende mbele au juu ya ekseli, taka nzito zipande kwenye gari. Huwezi kubeba mizani ya ghala porini, lakini jaribu kuinua pua kwa mikono miwili kabla ya kuunga. Ikiinuka kirahisi, pakua upange upya, wageni wasubiri.

Kwenye mteremko wenyewe, gia inachaguliwa ukiwa bado juu. Ingiza gia ambayo ungeitumia kupanda mlima huohuo, na uache injini ishike gari. Breki ikanyagwe kwa vipindi, ukipunguza mwendo kisha unaiachia ipoe. Anayekandamiza pedali mfululizo kutoka juu hadi chini anazichemsha, na breki iliyochemka inafika mahali pedali ipo lakini gari halisimami. Harufu ya kuungua ikikufikia puani, tafuta mahali pa kusimama palipo salama, zuia matairi kwa mbao, subiri. Usimwage maji kwenye diski zenye moto.

Na tela likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, acha mwendo ushuke wenyewe. Usifukuzane na tela kwa kuzungusha usukani kinyume chake, wala usikanyage breki ya gari kwa nguvu, maana ukifanya hivyo tela linakuja kukusukuma na kujikunja ubavuni mwako. Kama tela lina breki za umeme zenye swichi ya mkono karibu na dashibodi, bonyeza swichi hiyo peke yake ili breki za tela zilivute nyuma linyooke.

Kupanda nako kuna hesabu yake. Land Cruiser nyingi za safari hapa mjini zina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo. Injini ya namna hiyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyembamba. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu yake ya pwani haipo, na udongo ule mwekundu baada ya getini Lodoare ukilowa unateleza kama sabuni. Ingiza foo-wili mapema, usisubiri matairi yaanze kuzunguka bure, na mwangalie mshale wa joto kuliko unavyomwangalia mgeni.

Kuunga tela fanya mwenyewe na usimwachie mtu. Tufe la kawaida ni la milimita 50. Matela ya Marekani yana vipimo vya inchi, na kikombe, yaani sehemu ya pua inayofunika tufe, kilichotengenezwa kwa tufe kubwa kidogo kitaonekana kimeshika vizuri kumbe kitachomoka kwenye bonde la kwanza. Ukishafunga kikombe, inua pua kwa jeki ya tela hadi gari lenyewe linyanyuke kidogo, hapo utajua kimeshika. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa tela, ile nondo ndefu inayotoka kwenye fremu hadi puani, ili pua ikichomoka iangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba barabara. Kamba ya breki ya dharura, inayofunga breki za tela likichomoka, ifungwe kwenye gari lenyewe, si kwenye tufe. Kisha washa taa zote na umsimamishe mtu nyuma akuthibitishie moja moja.

Makuyuni ni kama kilomita 80 kutoka mjini, mahali pazuri pa kusimama mara ya kwanza. Kaza nati za tairi zote za tela, kwa sababu baada ya tairi kufunguliwa na kufungwa nati hulegea katika kilomita za mwanzo. Pitisha mgongo wa mkono karibu na kila hubu, yaani kitovu cha gurudumu. Vuguvugu ni kawaida. Hubu moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, beringi inalia au breki imeshika, na usiendelee kwa matumaini. Ukiwa njia ya Engaruka kwenda Ngare Sero, kabla ya kuvuka korongo lenye maji mpe hubu nafasi ya kupoa. Hubu la moto likizamishwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili, ile mpira inayozuia grisi isitoke, grisi inageuka maziwa, na beringi itakufia siku kadhaa baadaye ukiwa umeshasahau mto.

Baada ya barabara ya vumbi ya Naabi, kwenye lango la Serengeti, yenye matuta madogomadogo yasiyoisha, ingia chini ya tela na tochi. Tazama pale mkono wa tela unapokutana na fremu. Ufa huanza kama mstari mwembamba kwenye rangi, wenye kutu au vumbi jekundu lililonasa ndani yake, na kucha ikipita juu yake inakwama. Ukiuona, tela lisimame hapo. Kuchomelea juujuu porini ili mfike mjini ni kubahatisha maisha ya walio nyuma yako. Tazama na yubolti na majani ya springi, na ubebe akiba ya vyote viwili. Matairi ya tela yafanane na ya gari ili spea moja itumike pote, lakini hesabu matundu ya rimu: Land Cruiser za 70 zilizotengenezwa kabla ya 1999 zina nati sita, za baadaye tano, na matela mengi hapa yamejengwa kwa hubu za zamani.

Rivasi utaizoea kwa mazoezi uwanjani. Shika usukani kwa chini, mkono uende upande unaotaka mkia wa tela uende, mwendo wa kinyonga, na mtu mmoja tu akuelekeze.

Wamiliki wengine siku hizi wananiuliza kuhusu yale matela makubwa ya kuishi ya Wamarekani, yanayoungwa kwa sahani ndani ya bodi ya pikapu kama malori unayopishana nayo njia ya Namanga. Utulivu wake njiani ni wa kweli, kwa sababu pini ya shingo, ile ya mbele ya tela inayoingia kwenye sahani, inalalia juu ya ekseli ya nyuma ya gari au mbele yake kidogo, na si nyuma ya bampa, hivyo mkia hauna nafasi ya kulizungusha gari. Lakini pini hiyo hubeba asilimia 15 hadi 25 ya tela. Tela la tani nne litaweka kilo 600 hadi 1,000 ndani ya bodi, na Hilux ya kawaida ukishaweka dereva, abiria na sahani yenyewe haina nafasi ya kilo hizo. Gari la safari lenye mabenchi na paa la kufunguka halina hata bodi ya kufungia sahani. Kwenye kona tela hilo linakata ndani zaidi, kwa hiyo ingia kona ukiwa umechelewa na kwa upana. Kwenye pikapu ya bodi fupi kona ya tela inaweza kuvunja kioo cha nyuma cha kabini ukikata sana, ndiyo maana kuna sahani zinazoteleza kurudi nyuma. Kabla ya kuondoka, chungulia kwa tochi uone taya zimeizunguka pini, funga breki za tela, kisha jaribu kulivuta taratibu. Kimo nacho ni zaidi ya mita tatu na nusu kwa mengi, na matawi ya jakaranda mjini hayakupogolewa kwa ajili yako.

Bosi wako akikuomba ukalikague lililoletwa, angalia mlango kwanza. Limejengwa kwa nchi inayoendesha kulia, kwa hiyo mlango utafungukia upande wa magari yanayopita, na wageni watashukia barabarani. Vifaa vyake ni vya volti 120 na hazi 60 (hazi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), wakati umeme wetu ni volti 230 na hazi 50, hivyo kiyoyozi na maikrowevu hazitafanya kazi bila transfoma, na kwa vingine hata transfoma haitoshi kwa sababu ya hazi. Taa za nyuma mara nyingi hutumia balbu moja nyekundu kwa breki na indiketa, na plagi yake haiingiani na ya magari yetu. Mwite fundi umeme wa magari aone nyaya zote, na apige hesabu ya kuzibadilisha, kabla bosi hajamaliza kulipa.