OutKast: sauti ilianza kubadilika waliposhika mashine wenyewe

Mkuu, umeuliza kama ATLiens ya 1996, albamu ya pili ya OutKast, kundi la rap la watu wawili kutoka Atlanta, Marekani, iliiacha albamu yao ya kwanza au iliiendeleza. Nitakujibu kama mpiga gitaa la besi, kwa kuwa nilijifunza chombo hiki kwa kufuatisha albamu hizo mbili, na tofauti yake niliihisi vidoleni kabla ya kuielewa.

Albamu hiyo ya kwanza, Southernplayalisticadillacmuzik, ilitoka 1994, wanarap wake André na Big Boi wakiwa hawajafikisha hata miaka 20. Midundo ilikuwa ya watayarishaji Organized Noize, yaani Rico Wade, Ray Murray na Sleepy Brown, ambao walifanyia kazi kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mama yake Rico jijini Atlanta, na ambao walipenda kuwaita wapiga vyombo kuliko kukatakata vipande vya santuri za zamani na kuvitumia upya. Ndiyo maana besi yake inatembea muda wote. Ukiifuatisha, mkono haupati pa kupumzika.

Nilipohamia wimbo "Elevators" wa ATLiens, niliuharibu kabisa. Besi inagusa noti chache, inanyamaza, na mwangwi ndio unaoachiwa nafasi. Mimi, kwa mazoea ya albamu ya kwanza, nikawa naziba kila pengo. Wimbo huo OutKast waliutengeneza wenyewe, kwani kufikia wakati huo walikuwa wamenunua mashine zao za kutengenezea midundo na kuanza kuiunda pamoja na mwenzao Mr. DJ, ingawa nyimbo nyingi za albamu bado zilikuwa za Organized Noize. Wengi hutaja kuzomewa kwao New York mwaka 1995, kwenye tuzo za jarida la The Source, kuwa ndiko kulikowageuza. Nakubali kwamba kuliwapa ukaidi katika mashairi, lakini ule ukimya wa midundo nauona umetoka kwenye mashine.

Kwa hiyo sioni kwamba waliiacha albamu ya kwanza, maana katika Aquemini ya 1998 vyombo vinarudi kwa wingi, safari hii chini ya mikono yao. Harmonika ya wimbo "Rosa Parks" ilipulizwa na baba wa kambo wa André, ambaye ni mchungaji, na matarumbeta ya "SpottieOttieDopaliscious" yanajirudia kwa zaidi ya dakika 7 bila haraka yoyote. Hapo besi inatembea tena, ila sasa inajua kusubiri. Kuhusu Stankonia ya 2000 sina mengi: kasi ya wimbo wake "B.O.B." ilinishinda, nikaliweka gitaa chini.